Mtandao wa Mkwe

Mama Mwaba alimjua mkwe wake kwa miguu. Uso hakuujua. Ungempanga Kasuba, mume wa binti yake Mwaba, katikati ya wanaume wa kijiji cha Nsangwa umwambie mama achague, angekuchagulia mchungaji wa kanisa. Lakini miguu! Miguu ya Kasuba angeitambua hata kwenye umati wa msiba wa chifu: mipana, grisi ya baiskeli imejaa kwenye nyufa za visigino, na kile kidole kidogo cha mwisho kimempanda jirani yake mgongoni kama mtoto aliyebebwa. Ndivyo inavyokuwa ukiishi miaka kijiji kimoja na mtu ambaye kila mkikutana njiani wewe unainamisha kichwa na yeye anaingia vichakani.

Msije mkadhani walikuwa na ugomvi. Ugomvi wa nini? Ilikuwa ni heshima tu. Kwetu Wabemba, mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawasemezani, na hakuna anayekalia kigoda alichokalia mwenzake, mpaka siku wanawake watakapopika vyungu vya kila aina, wamnawishe mkwe mikono, wamwambie: haya, ingia, leo umekuwa mtoto wa nyumba hii. Siku hiyo kwa Kasuba ilikuwa haijafika. Mwanzoni baba yake Mwaba alitaka kuvuna kwanza, chakula kitoshe vyungu. Kisha akafa, Mungu ampumzishe. Kisha mashangazi wakasema tungoje mtoto, mkwe gani huyo anaingizwa na nyumba yake haina hata kilio cha kichanga. Na mtoto naye akawa haji. Wasichana waliochezwa ngoma ya unyago baada ya Mwaba walishapeleka watoto shule, na Mwaba bado anabeba watoto wa wenzake kanisani.

Lakini kuni za Mama Mwaba zilikuwa hazikatiki. Akirudi shambani alikuta paa lililovuja limeezekwa, jembe lililolegea limetiwa kabari, na mbele ya mlango alama za miguu ile ile, kidole juu ya mwenzake. Alizoea kusimama pale na kuliambia vumbi, "Asante, baba." Vumbi halikujibu, ila baada ya siku mbili tatu kuni zilikuwa zimeongezeka.

Basi mwaka huo mimba ikashika. Ilipokaribia kukomaa, Mwaba akavimba uso na mikono, kichwa kikamgonga, macho yakawa yanaona ukungu. Zahanati ikasema Lusaka, na haraka. Gari lilikuwa na nafasi ya msindikizaji mmoja, na mjamzito husindikizwa na mwanamke, kwa hiyo akaenda shangazi yake. Kasuba alibaki amesimama barabarani mpaka vumbi la gari likatulia, akarudi kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, akakaza spoku ambazo hazikuwa zimelegea.

Kabla ya kuondoka Mwaba alimwachia mama yake simu yake. "Nitakupigia video, mama. Nataka nikuone."

Jamani, simu yenyewe! Ilikuwa na kioo kizuri, kamera safi, sauti kama redio. Kasoro yake ni moja tu: iliwahi kutumbukia kwenye ndoo ya munkoyo siku ya harusi ya watu, kinywaji kikaingia mahali pa laini, na tangu siku hiyo haikubali laini yoyote. Iliona na kusikia, lakini mtandao wake yenyewe haikuwa nao. Kasuba naye alikuwa na simu iliyokanyagwa na trekta. Laini ilishika vizuri, ujumbe mfupi uliingia na kutoka, ila kioo na kamera vilikuwa vimepasuka, sauti haitoki wala haiingii, na betri ilikuwa imechoka kiasi kwamba ukichomoa waya inavuta pumzi chache inazimika. Moja kipofu, nyingine kiwete. Ukitaka safari, lazima mmoja ambebe mwenzake.

Ujumbe ulifika Alhamisi kwenye simu kipofu, ile ya Kasuba, kutoka kwa shangazi: *Kesho mchana wanampasua. Analia. Anasema haingii mpaka amwone mama yake, amtemee mate ya baraka.*

Kasuba hakuweza kwenda kumwambia mama mkwe wake. Alikwenda kwa Dorika. Huyu Dorika ndiye kungwi aliyemcheza Mwaba, mwanamke mfupi, mkali kama pilipili ya kukaanga, na kwa miaka yote ndiye aliyekuwa mdomo kati ya nyumba zile mbili. Dorika akafika kwa Mama Mwaba hata hodi hakupiga.

"Mwenzangu, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi kaa zaidi."

Aliposikia, Mama Mwaba alishika tumbo lake mwenyewe, pale Mwaba alipotokea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama yake yeye alikuwa amemtemea mate kabla ya kila uzazi, na uzazi mmoja tu ambao mama yake hakuwahi kufika, mtoto hakubaki. Hakuwahi kumwambia mtu hilo. Alimwambia Mungu tu, na Mungu alikuwa analijua.

"Kesho mapema, kwenye Posta," alisema Dorika. "Mkweo amekwenda bomani, kule wilayani, kununua bando. Anasema atawasha hotspoti, simu yako itakunywa kutoka kwa simu yake."

Posta ni kichuguu. Ni kirefu kupita nyumba, kimesimama kati ya mashamba, na Nsangwa nzima hakuna pengine ambapo mtandao unafika. Begani mwake watu wamepakanyaga kwa miaka mpaka pamekuwa sakafu. Kasuba alifika alfajiri ya Ijumaa na baiskeli yake begani, akaisimamisha pale juu kwa stendi yake, gurudumu la nyuma likielea. Kutoka kwenye dainamo alivuta waya hadi kwenye simu, simu akaiweka ndani ya kopo akalifunga kwenye usukani. Akapanda akaanza kupiga pedali. Baiskeli haikwenda popote, lakini simu ikafumbua macho.

Mama Mwaba alikaa upande wa pili, kichuguu kizima katikati yao, kitenge kimefunika kichwa, simu ya Mwaba mapajani. Baridi ya Juni ilikuwa inauma masikio. Dorika alisimama kwenye pembe, mahali anapoona pande zote mbili.

"Anasema mlango ameuacha wazi," Dorika alitangaza. "Hakuweka kufuli lolote, hakuna paswedi. Anasema, mtu gani anamfungia mlango mama mkwe wake?"

Maneno hayo yalimwingia Mama Mwaba moyoni. "Mwambie nimeshukuru."

"Kashukuru!" Dorika akapaza sauti kwenda upande wa pili, kana kwamba Kasuba alikuwa Kongo. "Haya, bonyeza."

Mama Mwaba akabonyeza alipofundishwa. Simu ikatafuta, ikatafuta, ikasema haioni kitu.

"Haioni," alisema.

"Haioni!" alisema Dorika.

"Mwambie mama ni udongo," ilisikika sauti nyuma ya kichuguu, nzito na ya taratibu. "Hotspoti haitoboi udongo wote huu. Inabidi tuwe upande mmoja."

Dorika alimtazama Mama Mwaba, akatazama kichuguu, akatazama jua. Mwanamke huyu alikuwa amewafundisha wasichana wa Nsangwa mahali pa kuweka macho yao kwa miaka mingi, na sasa udongo ulikuwa unamuuliza swali.

"Upande mmoja haiwezekani," alisema. Kisha akasema, "Ila heshima iko machoni. Mgongo hauna macho. Mtakaa mgongo kwa mgongo. Na atakayegeuka nitamchapa, mkwe au mama mkwe, sichagui."

Mama Mwaba akapanda kwenye bega la kichuguu kinyumenyume, Dorika anamwongoza kama anayerudisha ng'ombe zizini. Akakaa chini, mgongo umeelekea baiskeli. Hakuwahi kuwa karibu hivyo na mkwe wake. Alisikia mnyororo ukizunguka, akasikia pumzi zake, akasikia harufu ya grisi na sabuni. Kumbe alikuwa ameoga, kwa baridi ile.

Simu ikaona. Ikaunga. Mama Mwaba akabonyeza picha ya shangazi, maana kule Lusaka Mwaba alitumia simu yake, na dunia ikaanza kulia kriing, kriing, na uso ukatokea, umevimba, kitambaa cha kijani kichwani.

"Mama! Mama, unani—"

Uso ukaganda, mdomo wazi. Kisha ukapotea.

"Mwaba? Mwaba!"

Nyuma yake pedali zilisimama, zikaanza tena kwa kasi. Haikusaidia kitu. Kasuba alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayejisomea mwenyewe hukumu, "Bando limekwisha."

"Limekwisha vipi, na hatujalila?" aliuliza Dorika.

Jibu lilikuja lenyewe kutoka chini, kicheko. Dorika akachungulia. Kwenye nyasi, chini ya kichuguu, timu nzima ya mpira ya Nsangwa ilikuwa imejilaza kifudifudi, kila kijana na simu yake, wanatazama mabao ya Ulaya.

"Nani kawapa mtandao huo?"

"Hakuna aliyetupa, bibi," alijibu golikipa, bila hata kuinua kichwa. "Uko wazi tu. Tulidhani wa serikali."

"Wa serikali!" Dorika alivua kandambili moja. "Serikali ikupe wewe mtandao, goli lenyewe huwezi kulinda? Ngoja nije niwaonyeshe serikali!" Akateremka kichuguu kwa mbio za mbuzi, na timu ambayo haijawahi kukimbia hivyo uwanjani ikakimbia siku hiyo.

Wakabaki wawili, mgongo kwa mgongo, bila mdomo kati yao.

Mama Mwaba alilia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu, akiwaza mtoto wake anasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu na paji la uso limekauka. Boma ni mbali. Hata baiskeli ikiruka, mchana utakuwa umepita. Na nyuma yake hakukuwa na mlio wa pedali, ila pumzi za mtu anayejizuia.

"Kichuguu," Kasuba alisema hatimaye. "Tafadhali mwambie mama kosa ni langu. Nilipaswa kufunga."

Mama Mwaba alijipangusa kwa pindo la kitenge. Hajawahi kumjibu mtu huyu katika maisha yake. Lakini kichuguu si mtu, na hakuna mwiko wa kuongea na kichuguu.

"Na wewe kichuguu," alisema, "mwambie mwanangu kwamba mtu aliyemwachia mama yake mlango wazi hakukosea. Waliokosea ni walioingia bila hodi."

Mama Mwaba alisikia tu baiskeli ikitetemeka kidogo, kama kuna mtu ameiegemea kwa paji la uso.

Dorika akarudi anahema, kandambili mkononi. Akawakuta walivyo, akaelewa. Halafu akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake na kutoa vocha, imekunjwa, imelowa jasho.

"Msiniangalie hivyo," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anamwangalia. "Nilimwekea mwanangu wa migodini nimpigie Jumapili. Jumapili ipo. Haitakimbia." Akaikwangua kwa ukucha. "Wewe mkwe, nitakusomea namba. Na safari hii funga mlango, heshima tumeshaiona!"

Kasuba akaingiza namba kwenye kile kioo kilichopasuka, anakosea, anarudia, huku miguu haiachi kupiga pedali. Akanunua bando. Akaweka kufuli.

"Paswedi ni nini?" aliuliza Dorika.

"Mwambie mama ni jina la mke wangu. Mara mbili, bila nafasi katikati."

Mama Mwaba akaliandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, jina alilolichagua mwenyewe siku ile mtoto anazaliwa. Mlango ukafunguka.

Kriing. Kriing. Uso ukarudi.

"Mama! Nilidhani umekatika!"

"Nipo, mwanangu. Nipo hapa. Kichwa kinaumaje?"

"Kinagonga. Wameshanivalisha. Nesi yuko hapa, anasema zamu yangu imeletwa mbele, wanakuja sasa hivi. Mama, naogopa."

"Na mimi naogopa," alisema Mama Mwaba, maana hakuona faida ya kudanganya. "Tuogope wote, halafu utaingia. Leta uso karibu."

Mwaba akauleta uso mpaka ukajaza kioo chote. Mama yake akasema majina ya bibi na ya mama wa bibi, wote waliozaa wakaamka, akamwomba Mungu kwa ajili ya mikono ya madaktari, akatema mate membamba ya baraka, *ptu, ptu*, juu ya kioo. Kule Lusaka Mwaba alifumba macho, akainua mkono akajipangusa paji la uso taratibu, kisha akajipaka tumboni. Usingemwambia kwamba hayakumfikia.

"Sasa nitaingia," alisema. Kisha akafumbua macho, akakunja uso. "Mama, nyuma yako kuna kofia inapanda na kushuka. Ni nini?"

"Ni yeye."

"Yeye nani?"

"Yeye. Anapiga pedali, ndiyo umeme wenyewe. Bila yeye hatuonani."

Mwaba akaitazama ile kofia ya sufu iliyotoboka, aliyoifuma mwenyewe, na ule mgongo uliolowa jasho. "Amekonda?"

"Sijui, mwanangu. Mgongo wake siujui. Namjua miguu."

Mwaba akacheka, kicheko kikamgeukia kikawa kilio katikati ya njia. "Mwambie... Kungwi yuko hapo?"

"Niko, mwali wangu!" alijibu Dorika.

"Basi mwambieni tu asichoke sana."

Ndipo Mama Mwaba alipoelewa, na aliona aibu kwamba hakuelewa mapema. Simu ya Kasuba haina sauti. Haina macho. Tangu gari liondoke mtu huyu hajasikia hata kikohozi cha mke wake. Amekwenda bomani, amebeba baiskeli hadi juu ya kichuguu, anatoa mtandao kutoka miguuni mwake kama maji ya kisima, na wote wanakunywa, timu ya mpira imekunywa, yeye tu hajalowesha ulimi. Na hakuomba. Mkewe anapelekwa kwenye kisu na yeye ametazama mashamba, kwa sababu ya heshima. Heshima yake yeye, Mama Mwaba.

Na lile neno la Mwaba halikuwa "asichoke". Lilikuwa jingine, neno ambalo mke hawezi kumpa kungwi alibebe.

"Kasuba," alisema Mama Mwaba.

Jina hilo halikuwahi kupita kinywani mwake. Pedali zikasimama ghafla kwa mshtuko.

"Usisimame, mwanangu, itazimika!"

Pedali zikaanza tena, mbiombio.

"Kasuba, shuka uje uongee na mkeo."

"Mama," alisema, "nikishuka simu inakufa."

"Ina pumzi chache, wamesema. Zinatutosha. Wewe shuka upande huu, mimi napanda upande ule."

"We Mama Mwaba!" Dorika alishika kichwa. "Tandiko alilokalia mkwe? Tandiko bado la moto? Vyungu havijapikwa!"

"Vyungu vitapikwa, Dorika. Sasa hivi nishikie nguo isiingie kwenye mnyororo."

Na aligeuka. Aligeuka mzima mzima, mchana kweupe, akampa mkwe wake simu mkononi, akakunja kitenge, akakwea baiskeli. Msidhani alikuwa mgeni wa pedali. Usichana wake wote alikuwa akipeleka maharage Luwingu sokoni kwa baiskeli ya kaka yake, na mlimani alikuwa akiwaacha wanaume. Tandiko lilikuwa la moto kweli. Akakanyaga. Goti likalia, dainamo ikalia, na ndani ya kopo simu iliyokuwa inafumba macho ikafumbua.

Dorika akachuchumaa, akashika pindo la kitenge kwa mikono miwili, akatazama mbinguni. "Mimi leo macho yangu yana mawingu," alisema. "Sioni kitu. Naona ndege tu."

Mama Mwaba hakusikiliza waliyosemezana. Alipiga pedali kwa sauti makusudi ili asisikie. Lakini alisikia Kasuba akisema jina la Mwaba, mara mbili, bila nafasi katikati, na akasikia Mwaba akisema, "Nione. Umekonda. Nione tena." Alisikia mwanaume akilia bila kujificha. Kifua kilimwaka moto, jasho likamwingia machoni, na hakupunguza mwendo.

Kisha sauti ya nesi: "Haya dada, twende." Kisha simu ikakatika.

Alishuka akijipangusa jasho. Kasuba alikuwa amepiga magoti, simu ameishika kwa mikono miwili, akamkabidhi huku ameinamisha kichwa, akapiga makofi ya taratibu ya kushukuru. Kofi, kofi, kofi.

"Inua uso," alisema Mama Mwaba.

Akauinua. Ulikuwa uso wa mtu tu, mashavu yameingia ndani, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa tangu mkewe aondoke. Mama Mwaba aliutazama sana. Miaka yote hiyo alikuwa amemwazia mtu mkubwa, mkali kidogo. Kumbe ni kijana. Na hafanani na mchungaji hata kidogo.

Hawakurudi nyumbani. Nani angerudi? Walikaa pale juu wote watatu, wakapokezana baiskeli ili simu isilale, Dorika akakataa kupanda akasema yeye kazi yake ni kushika pindo. Jua lilipanda, likapita kichwani, likaanza kuteremka. Timu ya mpira ikarudi kwa unyonge, ikakaa chini ya kichuguu, simu zote zimezimwa. Golikipa akapanda bila kuitwa, akamwondoa Mama Mwaba kwenye pedali kwa adabu, akapiga pedali yeye. Hakuna aliyemchapa.

Saa zile kuku wanapoanza kurudi, simu ya Mwaba ililia, *ting*. Picha, kutoka kwa shangazi. Mama Mwaba alitaka kuifungua, vidole vikakataa.

"Wewe," alimwambia Kasuba.

"Hapana, mama. Wewe."

Wakaifungua pamoja, vichwa vimegusana. Mtandao ulikuwa umechoka, picha ikawa inashuka mstari kwa mstari, na shangazi, kama kawaida yake, alikuwa ameipiga juu chini. Kwanza ikaja blanketi. Kisha nyayo mbili ndogo, nyekundu, zimekunjamana, na kwenye kila moja kidole cha mwisho kimempanda jirani yake mgongoni.

Mama Mwaba akapiga ukelele uliowaamsha ndege mashambani.

"Miguu hii naijua!" alisema. "Dorika, miguu hii naijua mimi!"

Maneno ya shangazi yakafuata chini ya picha: *Msichana. Mama yake mzima, ameamka, anaomba uji.* Kasuba aliyasoma kwa sauti, akarudia, kisha akashindwa kurudia tena. Chini vijana walikuwa tayari wanaimba.

Mama Mwaba alikaa chini, akafungua pindo la kitenge chake. Alikuwa amebeba karanga za kuchemsha tangu asubuhi na hakuna aliyezigusa. Akamimina maji ya kibuyu kwenye mikono ya mkwe wake, yenye grisi mpaka kwenye kucha, akainawisha yote miwili. Akamenya karanga, akaziweka katika kiganja chake. Dorika alifungua mdomo aseme jambo kuhusu vyungu, akaufunga.

"Kula, baba," alisema Mama Mwaba. "Vyungu tutapika Mwaba akirudi, na mashangazi watakula mpaka wachoke. Lakini wewe umeshaingia."

Kasuba akala.